Mwongozo wa Meneja, Kurasa Arobaini na Moja

Kwa miaka thelathini na miwili nilikuwa na mpango mmoja tu kuhusu mwanangu wa mwisho, na ulikuwa mpango mzuri, hauhitaji wakili wala muhuri: nisife. Niliutekeleza bila kukosa hata siku moja. Nilipunguza chumvi, nikaacha sukari, nikavuka barabara kama mtu aliyebeba mayai, na mafua yalipobisha hodi niliyatimua kabla hayajakaa. Watu waliponiuliza, kwa ile sauti ya msibani wanayoitumia kwa kina mama wenye watoto kama wangu, "Na siku ukiondoka, mama, itakuwaje?" niliwajibu, "Naondoka kwenda wapi?" Wengine walicheka. Wengine walinitazama kwa huruma, na huruma ya watu mimi sijawahi kuona ikipika wala ikifua.

Basi mwaka huu daktari wa moyo akabandika picha yangu kwenye kioo chenye taa, akaigonga kwa kalamu, akasema valvu moja imechoka. Nikamuuliza imechoka kiasi gani. Akasema, "Mama, ni vizuri ukaanza kupanga mambo yako." Madaktari nimefanya nao kazi miaka ishirini na tisa, nawajua ndani nje. Wakisema "tutaona," nenda nyumbani ukalale. Wakisema "panga mambo yako," usilale.

Nisije nikaonekana najikweza: sikuwa daktari. Nilikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali. Shuka mia nne kwa siku, mapazia ya wodi, majoho ya upasuaji, blanketi za watoto, kila kitu na joto lake la maji, na kila kitu kimeandikwa. Wengine waliniita mnoko. Sawa. Lakini kwenye chumba changu haikupotea shuka hata moja, na wale waliokuja baada yangu sasa wanatandika vitanda kwa miujiza.

Mwanangu wa mwisho tunamwita Meneja. Alizaliwa na macho yaliyopanda kidogo pembeni na ulimi mzito, na mkunga aliyempokea aliniambia asingetembea, asingesema, na asingefika miaka kumi. Alitembea, akasema, na alipofika miaka kumi alikuwa ameshaanza kutuamuru nani akae wapi mezani. Ndipo akapata jina. Sasa ana ndevu, ambazo namnyoa mimi, na kifua kipana, na anapenda vitu vipangwe: viatu kwa ukubwa, vikombe kwa rangi, na watu kwa urefu, wakikubali. Anasoma jina lake na majina ya vipindi vya televisheni. Akili yake haina haraka, na akishaelewa jambo hulitoi tena.

Wakili nilielekezwa na muuguzi mmoja. Ofisi yake iko ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, na ngazi zake zina matone ya kila rangi waliyowahi kuuza pale chini. Nilipomwona nikasema moyoni, leo nimeingizwa mjini. Alikuwa msichana tu, suti nzuri juu, raba nyeupe chini. Lakini nilishapanda ngazi zote zile na valvu yangu iliyochoka, nikaona nikae nipumzike kwanza.

Nikamwambia nataka wosia mfupi: nyumba iende kwa Meneja, basi.

"Ukiiandika kwa jina lake peke yake, mama," akasema, "siku tatu baada ya mazishi atatokea mtu na kalamu na soda baridi."

Sikubisha. Kwa soda baridi Meneja angesaini hata hukumu yake ya kunyongwa, halafu angeomba na ya kaka yake asaini.

"Basi iende kwa kaka yake, amtunzie."

"Ukiiandika kwa kaka yake, ni ya kaka yake. Hilo 'amtunzie' liko kichwani mwako, haliko kwenye karatasi. Kaka naye akifa, mke wake atarithi nyumba. 'Amtunzie' hairithiwi."

Hapo nikavua miwani nikaipangusa, maana niliona raba zile zimebeba kichwa. Akanieleza taratibu. Nyumba iwekwe amana: iwe chini ya wadhamini wawili, ambao si yao kuila, na kodi ya vile vyumba viwili vya uani itumike kwa mahitaji ya Meneja maisha yake yote. Kando ya hao awepo mlezi, mtu wa kuishi naye. Anayeshika mfuko asiwe yule yule anayeshika mkono. Na juu ya hayo yote, barua ya maelezo. "Barua hii haina nguvu ya sheria," akasema, "lakini ndiyo watu watakayoisoma kweli. Andika Meneja ni nani, ili mtu asiyemjua amjue. Kurasa mbili, tatu, zinatosha."

Niliandika arobaini na moja.

Nilitumia wiki mbili, mezani, mchana, Meneja akiwa mbele ya televisheni. Vichwa vya habari nilivipigia mstari kwa rula. Kuoga: maji ya vuguvugu, yasiwe ya moto. Kuanza kichwani. Asiachwe majini zaidi ya dakika kumi. Akaushwe kabisa katikati ya vidole vya miguu. Mavazi: shati jeupe lisivaliwe wakati wa chai. Jiko: asiliguse kwa hali yoyote. Ufunguo: asipewe. Nililia mara mbili, ukurasa wa sita na wa ishirini na tisa, lakini niligeuza uso pembeni ili karatasi isilowe.

Wakili alizisoma zote mbele yangu, hakuruka hata moja, nami nilikaa nikimwangalia midomo. Akafika mwisho, akazigonga mezani zikalingana.

"Mama, umeandika vizuri sana."

Kichwa kikanivimba.

"Lakini haya ni maelekezo ya kufua."

"Unasemaje?"

"Joto la maji, muda wa kukaa majini, namna ya kukausha, kisichotakiwa kuchanganywa na kingine." Alisema kwa adabu, na hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi. "Nimesoma kurasa arobaini na moja na bado sijui mwanao anachekeshwa na nini."

Nikamuuliza, "Binti yangu, una watoto?"

"Sina, mama."

"Ahaa," nikasema. Ahaa yangu hiyo ilishawahi kumnyamazisha daktari bingwa mbele ya wanafunzi wake. Yule binti aliandika kitu kwenye daftari lake, akaniambia wiki ijayo nije na watoto wangu wote. "Wote," akarudia. "Na Meneja pia."

Sikuwa nimepanga kumpeleka Meneja. Mkutano ulikuwa wa kumjadili yeye. Sasa yeye mwenyewe aje kufanya nini?

Tukaenda. Mwanangu mkubwa ni mwalimu mkuu wa shule, na kila mtu humwita hivyo, Mwalimu Mkuu, hata mimi ninapomkasirikia. Alijipigilia suti. Akiongea na watu watatu yeye huona mia tatu wamepanga mstari asubuhi. Anayemfuata ni binti, fundi wa mapazia, ana duka lake na vyumba viwili nyuma ya duka, hana mume na hana maneno. Huwa anabana pini mdomoni akishona, nami huona hata akizitoa hana cha kuongeza. Meneja alivaa shati la bluu, pasi yangu, na kabla wakili hajatukaribisha viti akawa ameshatupanga: Mwalimu Mkuu mwisho, kwa kuwa ni mrefu, mimi mwanzo. Wakili naye akapimwa kwa macho, akaruhusiwa kubaki nyuma ya meza yake.

"Swali la kwanza," akasema wakili. "Mama akiwa hayupo, nani ataishi na Meneja?"

Mwalimu Mkuu akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame. "Mheshimiwa wakili," akasema, "huyu ni damu yetu. Mama asiwe na wasiwasi hata chembe. Sisi kama familia tumekwisha kulizungumza jambo hili." Mimi sikumbuki wapi. "Meneja tutamwangalia."

Akakaa. Nilikuwa karibu nipige makofi. Neno hilo, kutoka kwake, nililisubiri miaka mingi, na sasa lilikuwa limesemwa ofisini, mbele ya wakili, mchana kweupe.

Wakili akaweka kalamu chini. "Nipeni kitenzi kingine."

"Kitenzi?" Mwalimu Mkuu aliwahi kufundisha lugha.

"Hicho siwezi kukiandika. Kumwangalia ni kufanya nini?"

"Ni... kumwangalia. Kama watu wanavyoangaliana."

"Saa kumi na mbili asubuhi. Meneja ameamka, anataka chai. Wewe unafanya nini?"

"Saa kumi na mbili mimi niko njiani kwenda shule."

"Nani yupo?"

"Mke wangu."

"Amekubali?"

"Sijamwambia bado. Lakini ni mtu mwelewa sana."

Wakili akaandika, na akasoma kwa sauti anachoandika: "Mke. Mwelewa. Hajaambiwa."

Mnalijua neno hilo, kuangalia, lilivyo. Unaweza kumwangalia mtu kwa kumlisha, kumvisha na kumpeleka kliniki, na unaweza kumwangalia kama unavyoangalia mpira: umekaa. Sisi wote tuliozaliwa katika lugha hii tunaliona ni neno moja, na mtu akisema "tutamwangalia" tunashukuru na kupokea, hatuulizi ni la aina gani. Mimi mwenyewe, ambaye sikuwahi kupokea shuka bila kuihesabu, neno hilo nililipokea kutoka kwa ndugu, majirani na mashemeji kwa miaka yote hiyo, sikulihesabu hata mara moja.

Wakili akaendelea na masaa yake. Nani atakuwa nyumbani saa sita? Nani atalala chumba cha jirani? Nani atakaa foleni ya kliniki, ambayo, wakili alisema, mimi nimeiandika kuanzia ukurasa wa thelathini na tatu? Kwa kila saa Mwalimu Mkuu alipunguka. Kutoka "tutamwangalia" akashuka hadi "tutasaidiana," kutoka hapo akafika "tutakuwa tunapita pita," na saa ya mwisho alibaki na kitenzi kimoja, "kutembelea," tena siku za likizo. Niliona aibu kwa niaba yake. Niwe mkweli, si mtoto mbaya. Miwani ya mdogo wake ananunua yeye kila mwaka bila kukumbushwa. Lakini alitoa leso akajifuta shingo, na sauti iliyotoka sikuwa nimeisikia tangu akiwa darasa la tatu.

"Mama, siwezi kuishi naye," akasema. "Nyumba nitaisimamia, kodi nitaikusanya, na hataibiwa hata shilingi. Kuishi naye siwezi. Nisamehe."

Iliniuma. Iliniuma hasa, na wakati huo huo nilihisi kifua kimeachia, maana lilikuwa jambo la kwanza la kweli nililoambiwa kuhusu Meneja kwa muda mrefu. Wakili akachukua karatasi mpya akaandika: mdhamini wa kwanza. "Hapo sasa umesema kitu, mwalimu," akamwambia. "Wengi wanatoka humu bila kukisema." Mdhamini wa pili nilimtaja mimi papo hapo, mhasibu mstaafu wa hospitali, mtu mwenye mkono wa birika ninayemwamini kwa sababu hiyo hiyo.

Akamgeukia binti yangu. "Na wewe, dada?"

Fundi akafikiri. "Jumanne huwa anakuja dukani."

"Anafanya nini?"

"Anapanga kulabu za mapazia. Anapokea wateja." Tukadhani amemaliza. "Anachemsha chai. Anafunga duka saa ya chakula."

"Nani anachemsha chai?" nikauliza.

"Meneja."

"Kwa jiko gani?"

"La umeme, mama."

Nikamgeukia wakili. "Ukurasa wa kumi na tatu nimeandika asiguse jiko."

"Niliona, mama."

"Tangu lini?" nikamuuliza Fundi.

"Huu mwaka wa nne."

Mwaka wa nne! Kila Jumanne mimi nampeleka mtoto pale asubuhi, napita saa kumi kumchukua, namuuliza "Umeshindaje?" ananijibu "Vizuri," nami namfunga vifungo vya koti tunaondoka. Nilimtazama Meneja. Alikuwa anaangalia dari, ametulia kabisa, hana hata haya.

"Mbona hukuniambia unachemsha chai?"

"Hukuniuliza," akasema. "Nyumbani unachemsha wewe."

Wakili akainama mezani kumwelekea. "Meneja, na kuoga?"

"Kuoga hawezi," nikasema mimi, "anasahau mgongo, halafu sabuni—"

"Naoga," akasema Meneja. "Nikinyeshewa mvua naoga kwa dada. Na mgongo."

"Kama unaoga mwenyewe, mbona nyumbani nakuogesha mimi?"

Akanitazama. Kulikuwa na upole kwenye uso wake ambao mpaka leo sijamsamehe vizuri.

"Unapenda," akasema.

Mwalimu Mkuu akakohoa. Fundi akaangalia mikono yake. Mimi nikafungua mkoba nikatafuta kitu ndani yake, sijui nini, na nikaendelea kukitafuta kwa muda. Nilitaka kumpa yule wakili vidonge vyake, kwamba hivi ndivyo familia za watu zinavyovurugwa na wenye raba. Lakini hakuwa amesema kitu. Alikuwa ameuliza tu.

Kisha akatuomba tutoke. Meneja ni mtu mzima, akasema, na kabla hajaandika lolote juu ya maisha yake lazima amsikie peke yake, bila sisi kumsaidia kujibu. Nikamwambia hatamwelewa, ana ulimi mzito, mimi ndiye namtafsiria. "Nitamwomba arudie. Dakika kumi tu," akasema, akatufungulia mlango.

Tulikaa kwenye benchi la ukumbini. Kutoka chini ilipanda harufu ya rangi, na ile mashine yao ya kuchanganyia ilikuwa ikitikisa makopo mpaka benchi linatetemeka. Dakika kumi alizoahidi zikawa ishirini na tano. Mara mbili nilimsikia Meneja akicheka mle ndani, kicheko kirefu, nikajipa kazi ya kukisia kinachomchekesha, nikashindwa. Mwalimu Mkuu alisoma tangazo la ukutani mara nyingi kuliko linavyostahili. Fundi aliniegemea kidogo.

"Mama," akasema, "chumba cha nyuma kina dirisha."

Nikamwambia sawa. Sikumuuliza kwa nini ananiambia.

Tulipoitwa ndani, wakili alikuwa na ukurasa mmoja mbele yake. "Meneja anataka kuishi kwa dada yake," akasema. "Dada, umekubali?" Fundi akaitikia kwa kichwa, na kisha, kwa kuwa wakili alimtazama, akatoa kitenzi: "Nitaishi naye."

Nilishusha pumzi niliyoibana tangu kwa daktari. Mambo yamekwisha! Nyumba iko mahali pake, kodi iko mahali pake, mtoto ana mtu. Nilishika mkoba nikaanza kuinuka, nikasema, "Mungu awabariki nyote. Basi siku nikifa, Meneja ataenda kwa dada yake."

Hakuna aliyeinuka pamoja nami. Wakili akasema, "Meneja, mwambie mama ulivyoniambia mimi."

"Nahama mwezi huu," akasema Meneja.

"Mwezi huu vipi? Mimi si nipo?"

"Ndiyo, upo."

"Sasa huwezi kuhama na mimi nipo, mwanangu. Haya tunayoandika ni ya siku nikifa."

Akanigeukia na kiti chake chote. Alinieleza polepole, neno moja moja, kwa uvumilivu ule ule ambao mimi nimeutumia kwake tangu alipoanza kushika kijiko, na sikuhitaji mtu wa kunitafsiria.

"Ukifa, mama, nitalia."

"Utalia, ndiyo."

"Nitalia sana. Halafu kitanda kipya. Choo kipya. Taa sijui inawashwa wapi." Akapumzika, akatafuta neno, akalipata. "Sitaki kuhama huku nalia. Nikihama sasa, ukifa nitalia kwangu."

Nikamwangalia wakili anisaidie, akawa anaangalia ukurasa wake. Nikamwangalia Mwalimu Mkuu, ambaye hakosi hotuba, naye akawa anakunja leso yake. Nilijikaza kisabuni. Nikasema Fundi ana kazi nyingi. Fundi akasema hana. Nikasema mashine za kushonea zitamnyima usingizi. Meneja akasema anazipenda. Nikasema nani atamnyoa ndevu, akasema ataziacha.

Hapo nikashika kifua. Nakiri. Sikuwa na maumivu yoyote, nilikuwa na hila tu, na ilikuwa imebaki hiyo moja. Nikainamisha kichwa, nikavuta pumzi kwa shida. Mwalimu Mkuu aliruka kitini. Wakili akashika simu.

Meneja alinitazama, akainuka, akaja, akanishika mkono, akautoa upande wa kulia na kuuweka upande wa kushoto.

"Moyo uko huku, mama," akasema.

Nilicheka. Mungu wangu, nilicheka mpaka machozi, na machozi yale yalipoanza yakakuta njia iko wazi, yakaendelea baada ya kicheko kuisha. Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Nilipomaliza, wakili alinisogezea karatasi na kalamu, nikasaini kila mahali palipowekwa alama, na mkono wangu haukutetemeka, nataka lieleweke hilo. Kurasa zangu arobaini na moja alinirudishia kwenye bahasha. Barua ya maelezo iliyoingia kwenye jalada ni ile ya ukurasa mmoja, ambayo Meneja aliitunga na yule wakili wakati sisi tunanusa rangi. Nilipewa nakala. Mstari wa kwanza unasema: Mimi ni Meneja, napenda watu wakae vizuri.

Alihama Jumamosi. Mwalimu Mkuu alileta gari na kubeba kitanda mgongoni, suti ameiacha nyumbani. Chumba cha nyuma kina dirisha, kama nilivyoambiwa, na Fundi alikuwa ameshashona pazia, la rangi aliyochagua Meneja, rangi mbaya sana. Meneja alinitembeza. Taa inawashwa hapa. Bomba la moto hili, la baridi hili. Choo ukivuta mnyororo mara moja hakikubali, unavuta mara mbili. Nilimfuata nyuma nikisema ehe, ehe, na nikijua kwamba mikono yangu haina cha kushika. Nikajaribu kutandika kitanda. Akanitoa, akatandika mwenyewe, na pembe za shuka akazikunja sawasawa, ile mikunjo yetu ya hospitali. Sikumbuki kumfundisha. Labda alikuwa ananitazama.

Saa kumi na nusu akanipa mkoba wangu. "Nenda, mama, kabla ya foleni," akasema. Akanipa na mkono, mkono wa kazini, akautikisa mara moja. Nikamwambia Jumanne nitakuja. Akafikiri, akasema Jumanne kuna wateja, nije Jumatano. Halafu akafunga mlango, nikasikia ufunguo ukigeuzwa kwa ndani, na baada ya ufunguo kicheko, na sauti ya dada yake, ambaye hana maneno, ikimjibu kwa maneno mengi.

Nikatoka nje ya duka. Wosia ulikuwa umesainiwa, amana imesajiliwa, wadhamini wawili, mlezi mmoja, hakuna lililosahauliwa. Nilitazama saa kwa mazoea. Ilikuwa bado mapema, nyumbani hapakuwa na wa kuogeshwa wala wa kuniuliza mbona nimechelewa, na nilisimama pale kwa muda ambao siujui. Dada mmoja aliyekuwa anapita akasimama, akaniamkia, akaniuliza, "Mama, umepotea?" Nikamwambia ndiyo, mwanangu, nionyeshe kituo cha basi kiko wapi, ingawa kituo nilikuwa nakiona.